Kipaimara chote kwenye diski moja?

Mzazi mwenzangu wa Kwa Mrombo, kabla fundi wa video hajakukabidhi DVD ya kipaimara, muulize amebana video ya urefu gani humo. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7 tu. Video ya saa mbili hupata takriban megabiti 5 kwa sekunde, na uso wa bibi utauona vizuri. Ikifika saa nne kiwango hushuka nusu. Watu wakianza kucheza, picha inakatika vibokisi. Bora agawe diski mbili. Tena DVD huishia nukta 720 kwa 576, hata kamera iwe kali vipi! Kwa hiyo dai pia mafaili halisi kwenye flashi, mapema, kabla hajafuta kadi ya kamera kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.