Gitaa la Umeme kwa Binti wa Kisarawe

Mwaka 1976 wasichana watano wa California, wote wa miaka 16 na 17, walitoa albamu yao ya kwanza, The Runaways, yenye jina la bendi yao. Walipiga roki nzito wakati ambao watu wengi waliamini kuwa gitaa la solo na drams ni kazi ya wanaume. Roki yenyewe haikuwa ngeni kwetu: mwaka huohuo bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilitoa albamu ya Ave Africa. Wala mwanamke kushika ala halikuwa jambo geni, maana katikati ya miaka ya 1960 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na Women Jazz, bendi ya wanawake watupu.

Nauliza basi kwa niaba ya Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani: je, mabinti wa sekondari wapewe magitaa ya umeme, wafundishwe, na wakiiva wasaidiwe kurekodi? Mtaala mpya wenye mkondo wa amali umeipa sanaa nafasi. Naunga mkono kwa moyo wote.

Mzazi wa Mlandizi au Maneromango atasema muziki ni uhuni na utamharibia mtoto masomo. Hofu hiyo isibezwe, kwa sababu kisa cha The Runaways kinaipa uzito. Kim Fowley, aliyewasimamia na kuwatayarishia albamu, aliuza ujana wao kuliko upigaji wao. Jackie Fox alikuwa mpiga besi wa bendi, lakini besi inayosikika kwenye albamu hiyo ilipigwa na Nigel Harrison. Jina la msichana likabaki kwenye bendi, sauti ikawa ya mwanamume. Mwaka 2015, Fowley akiwa ameshafariki, Jackie alieleza hadharani kwamba mtu huyo alimbaka alipokuwa na miaka 16, mbele ya watu wengine.

Tukitazama vizuri, gitaa halikumdhuru binti yeyote hapo. Kilichowaponza ni mtu mzima mmoja kushika kila kitu bila wa kumuuliza: chumba cha mazoezi, fedha na mkataba. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwapata mabinti hata kwenye mpira au kwenye masomo ya ziada ya jioni. Kumnyima binti ala hakumwondoi mtu huyo mtaani.

Kisarawe ni Uzaramoni, na huko ngoma ya mwali huongozwa na wanawake wenyewe. Kungwi na somo wanajulikana, na ukoo mzima unajua binti yuko mikononi mwa nani. Ulinzi wa aina hiyo ndio unaopaswa kuhamia kwenye bendi ya shule. Ala zikae shuleni, mazoezi yawe ya mchana, msimamizi awe mwalimu wa kike anayejulikana kwa wazazi. Kisheria mtu aliye chini ya miaka 18 hawezi kujifunga kwa mkataba, kwa hiyo mzazi asitie saini karatasi ambayo mwanasheria hajaisoma, na nyimbo zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina ya mabinti waliozitunga. Suala la mkataba nalisisitiza, maana mkataba wa albamu ya kwanza ndio ambao msanii mchanga huusaini kwa furaha bila kuusoma.

Mfano wa karibu uko Bagamoyo, katika mkoa huuhuu wa Pwani. Pendo na Leah Zawose, wa ukoo wa mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, walitoa albamu yao ya kwanza, Maisha, mwaka 2024 kupitia Real World Records. Katika muziki wa Kigogo mara nyingi wanawake waliitikia nyuma ya wanaume. Hawa wawili wamesimama mbele. Wamefika hapo wakiwa watu wazima. Binti wa miaka 15 anayeanza leo akiwa na mwalimu mzuri hana sababu ya kusubiri miaka mingi hivyo.

Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likaweka shule, afya na kilimo mahali pamoja, jambo ambalo wakati ule lilikuwa la kuthubutu. Naziomba halmashauri za Kibaha na Kisarawe zithubutu hivyohivyo kwa muziki: kila moja ichague shule moja, inunue seti moja ya ala, imwajiri mwalimu mmoja wa kike, na iwaite wazazi kwenye kikao kabla gitaa la kwanza halijatolewa kwenye boksi.