Mzazi wa delta: shahada yake si udhuru wetu

 

Miongoni mwa waliotajwa na Mtume (S.A.W.) kuwa wana daraja ya shahidi ni mtu afaye maji na mwanamke afaye kwa uzazi. Hadithi hii hutajwa sana matangani, na ni haki itajwe, kwani ni liwazo kubwa kwa wafiwa. Lakini tumeiona pia ikitumiwa kufunga maswali. Mzazi akishazikwa, husemwa amepata shahada, basi. Haulizwi mtu chombo cha kumvusha kilikuwa wapi, wala damu ya kumwongezea. Ujira wa marehemu uko kwa Mola wake. Sisi tuliobaki tuna hesabu yetu.

Tuitazame kadhia hii kutokea Nyamisati, wilayani Kibiti. Hapo ndipo bandari ya kuendea Mafia, na ndipo mlango wa delta ya Rufiji na mikoko yake ya takriban hekta 53,000. Vijiji vya ndani ya delta njia yake ni maji. Uchungu ukimshika mwanamke usiku, maji yamekupwa, mtumbwi hukwama topeni hadi yajae tena. Akifika Nyamisati, bado ana barabara ya kwenda Bungu na Kibiti. Mwenye kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hana muda huo.

Mafuriko si mageni kwa Warufiji. Walikuwa wakilima mlau, yaani kupanda maji yanapopungua, na serikali iliwahamisha wengi kutoka bondeni katika Operesheni Rufiji ya mwaka 1969. Ila yaliyotokea mwaka 2024 yalikuwa mazito. Mwezi Aprili, katika mvua za El Niño, mto ulifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamekufa nchini kwa mvua hizo. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Wapo walioulaumu ufunguaji wa maji ya Bwawa la Julius Nyerere, na serikali ikajibu kuwa mafuriko yalikuwapo kabla ya bwawa. Mjadala huo una haki ya kuendelea. Mjamzito aliyezingirwa na maji, hata hivyo, hakuwa na nafasi ya kuungoja.

Liko jambo jingine lisilopiga kelele kama kimbunga, nalo ni chumvi. Bahari inapanda, na wakulima wa delta wamelalamika kwa miaka kuwa maji chumvi yanaingia katika mashamba ya mpunga. Yanayoingia shambani huingia na kisimani. Huko Dacope, pwani ya Bangladesh, watafiti walionesha kuwa wajawazito wanaokunywa maji yenye chumvi nyingi wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupanda shinikizo la damu, ambalo huweza kuishia katika kifafa cha mimba. Nani amepima visima vya delta yetu kwa jicho hilo? Kipimo cha chumvi ya maji si ghali, na kipimo cha shinikizo kinapaswa kuwapo katika kila zahanati.

Basi deni ni la nani? Katika fiqhi, mwenye kuharibu mali ya mtu ana dhamana ya kufidia, hata kama hakukusudia. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya gesijoto za dunia. Mwanamke wa delta hana gari wala kiwanda, na mkulima aliyefyeka mikoko kwa ajili ya mpunga huambiwa aiache ili ihifadhi hewa ya ulimwengu mzima. Mataifa yalikubaliana Sharm el-Sheikh mwaka 2022 kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, na ukazinduliwa Dubai mwaka 2023. Tunaliita hilo fidia, wala si sadaka, na viongozi wetu waidai kwa lugha hiyo, kisha watuoneshe ni kiasi gani kimefika vijijini.

Hata hivyo, madai kwa wakubwa wa dunia hayatuondolei letu. Imamu Ghazali aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya: ikikosekana mahali, mji mzima unabeba dhambi. Mkunga mwenye ujuzi yumo humo. Ni kweli, na tunashukuru, kwamba vifo vya wazazi nchini vilishuka kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwa utafiti wa 2015/16 hadi 104 kwa ule wa 2022. Wastani huo haumsemei aliyekwama topeni. Namba 115 ya m-mama huitwa bure kuomba usafiri wa dharura, lakini gari haliingii mkokoni, na mume asiyekuwapo nyumbani asifanywe sababu ya mkewe kungojeshwa ruhusa. Misikiti ya delta hukusanya michango ya mazishi, sanda na ubani, bila kuhimizwa. Mchango wa petroli ya boti ukusanywe hivyo hivyo, jina la nahodha lijulikane, na jedwali la maji kujaa na kupwa libandikwe zahanati, kabla mimba haijaingia mwezi wa tisa.