Kazi isiyokuwa na mtu anayeingoja

Mkulima wa kahawa na migomba wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, amejiajiri na anafanyia kazi nyumbani kwa maana kamili ya maneno hayo: kibanja chake kinaanzia nyuma ya jiko. Hasaini daftari la mahudhurio, na hakuna anayemuuliza kwa nini leo hakufika. Basi tunapoona mibuni yake imejaa machipukizi na migomba imesongamana, tunasema upesi kwamba huyu ni mvivu. Naamini tunakosea, na kosa lenyewe lina gharama, kwa sababu mtu anayekaripiwa kwa kosa asilokuwa nalo hujitetea, habadiliki.

Tazama ni kazi zipi hasa zinazolala. Kahawa ikiiva inachumwa, mkungu ukikomaa unakatwa, na siku ya gulio mtu huyohuyo anaamka alfajiri kabla ya jogoo. Kinachosogezwa mbele ni kazi ambayo machoni pake leo na kesho ni sawasawa: kupunguza machipukizi, kutandaza nyasi, kuvunja ua dume la mgomba. Hili la mwisho linaniuma zaidi. Mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoua migomba, ulionekana Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera miaka michache baadaye. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na kinga yake inajulikana: kichane cha mwisho kikishatoka, vunja ua kwa kijiti chenye panda, usitumie panga, maana panga nalo hueneza ugonjwa. Kijiti hakinunuliwi, na kazi yenyewe ni ya muda mfupi kwa mgomba mmoja. Lakini ua likibaki leo, jioni hakuna kilichoharibika, na kesho yake pia hakuna. Hasara inakuja kujionyesha baadaye, majani yanapogeuka njano na ndizi kuiva kabla hazijakomaa, na hapo ni shina zima la kukata na kuteketeza.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni umaskini, kwamba mkulima haahirishi bali hana fedha. Kwa kazi nyingi ni kweli, na asiyekuwa na hela ya kibarua hastahili kuhubiriwa. Ila ukosefu wa fedha hauelezi kila kitu. Watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi na wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi mwa Kenya, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011. Wakulima wengi walisema watanunua mbolea msimu ujao. Walionunua walikuwa wachache. Walipofuatwa mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi, wakaahidiwa kuletewa mbolea hadi nyumbani bila gharama ya usafiri ikiwa watailipia ndani ya siku chache, wanunuzi waliongezeka sana. Nafuu hiyohiyo ilipotolewa baadaye, wakati wa kuweka mbolea, haikuvuta watu kwa kiasi kile. Kilichosaidia kilikuwa siku ya mwisho iliyowekwa mapema. Hata butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, ina sehemu yake hapa, maana mtu huuza hivyo anapobanwa na shida. Maradhi na msiba havina ratiba, lakini sare na madaftari ya Januari vinajulikana tangu Julai, kahawa inapouzwa.

Je, si mtu ajiwekee tarehe mwenyewe? Inasaidia, lakini haitoshi. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walionyesha mwaka 2002 kwamba watu waliopewa maandiko ya kusahihisha walifanya vizuri zaidi walipopangiwa tarehe, waliojipangia wakafuatia, na walioachwa hadi siku ya mwisho wakawa nyuma ya wote. Nasi ushahidi wetu uko mlangoni. Mtu anayeshindwa kuweka akiba ndani ya nyumba yake hununua hisa za VICOBA, kikundi cha akiba na mikopo cha kijijini, kila wiki bila kukosa, kwa sababu saa ni ileile, wenzake wameketi, na jina lake litasomwa.

Ninachopendekeza ni kwamba vikundi hivyo vifanye kwa kazi kile vinachofanya kwa fedha: kila wiki wanachama waingie katika kibanja cha mmoja wao, wavunje maua, wapunguze machipukizi, kisha waandike lililobaki na siku ya kulimaliza. Najua atakayesema kwamba aliyejiajiri alikimbia hasa kutazamwa na watu. Uhuru wake nauheshimu, lakini zamu aliyoikubali mwenyewe haifanani na amri ya bwana. Pingamizi zito kwangu ni la wanawake. Mama anayeanza kupalilia na kuitwa mara nne, kwa maji, kwa mtoto, kwa mgeni, kwa mgonjwa, haahirishi kitu. Kazi yake inakatwa na wengine. Daftari la kikundi liandike na hayo, na zamu ya kwake ianze kwa kumwondolea maji na kuni siku hiyo. Na kibanja cha kwanza kutembelewa kiwe cha mwenyekiti, kama kilivyo, bila kukisafisha kwanza, ili wa pili asione haya kuwafungulia wenzake.