Shujaa Naye Ana Doa

Msomaji mpenzi, mwanao akisoma kitabu cha historia, humwuliza nani mwema na nani mwovu?

Chukua King Leopold's Ghost, kitabu cha Adam Hochschild kilichotoka 1998. Mwovu ni Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeifanya Kongo mali yake binafsi tangu 1885 hadi 1908, watu wakiuawa na kukatwa mikono kwa sababu ya utomvu wa mpira. Mwema ni Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli. Aliona meli zikirudi Antwerp na shehena za mpira na pembe za ndovu, lakini zikienda Kongo na bunduki na risasi. Akang'amua kuwa hiyo haikuwa biashara bali utumwa. Akaacha kazi na kuutangazia ulimwengu.

Ibilisi na malaika, sivyo? Hasha! Mwaka 1920 Morel huyo huyo aliandika makala ya kuwapaka matope askari Waafrika wa Ufaransa waliokuwa Ujerumani, akiwafanya hayawani wa kunajisi wanawake.

Basi mzazi, mfunze mwanao kusifu tendo jema bila kumwabudu mtendaji. Tena ahesabu: Wakongo waliomwasi Leopold wamepewa kurasa ngapi?