Anayemuuguza mwenzake naye apumzishwe

KWA mwaka mzima nilimtibu mwalimu mmoja mstaafu hapa Nairobi aliyekuwa na demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitunza. Kila mara aliletwa na mkewe. Nilimuuliza mama huyo kuhusu usingizi wa mumewe, chakula chake na dawa zake. Sikumuuliza hata siku moja iwapo yeye mwenyewe hulala.

Nilitambua kosa langu siku alipozirai akingoja zamu yao kumwona daktari. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu mno. Dawa zake zilikuwa zimekwisha wiki kadhaa awali, naye hakupata nafasi ya kwenda kununua nyingine.

Nilipomshauri apumzike, alinijibu: "Daktari, nikimwacha na mtu mwingine, watu watasema nimemchoka mume wangu."

Hapo ndipo penye tatizo. Katika jamii yetu, mke asiyebanduka kando ya mumewe mgonjwa husifiwa kwa uvumilivu, na anayetoka kwa muda wa saa mbili husengenywa. Kwa maoni yangu, sifa hiyo inaua. Demensia si malaria. Ni maradhi ya miaka mingi, huzidi polepole, na aina zake nyingi hazina tiba ya kuziponya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi haya, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, kama yetu. Aghalabu wagonjwa hawa hutunzwa nyumbani na mke au binti.

Mgonjwa huweza kuuliza swali moja mara ishirini, kutangatanga usiku, au kumfukuza mkewe akidhani ni mwizi. Anayemuuguza asipopumzika, hukosa usingizi, huingiwa na huzuni, na huenda siku moja akajikuta amemwinulia mgonjwa mkono. Ukiona unakaribia hapo, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Jamaa wafanye nini? Kwanza, acheni kusema, "Ukihitaji msaada utuambie." Hatawaambia. Ketini mpange zamu: kifungua mimba Jumanne, wifi Alhamisi, mwingine Jumamosi. Anayeishi mbali atume pesa za kumlipa msaidizi. Si haki kumtwika mfanyakazi wa nyumbani mzigo huu bila kumfunza wala kumwongezea mshahara.

Pili, zamu iwe ya mchana, kwa kuwa wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi jioni. Siku chache za kwanza, msaidizi aketi na mgonjwa mke akiwapo, ili wazoeane. Aandikiwe saa za dawa, chakula anachopenda mgonjwa, jina analoitikia na dalili za kutaka kwenda haja. Lango lifungwe. Mgonjwa asipewe dawa za usingizi bila idhini ya daktari, kwani zaweza kumfanya aanguke au achanganyikiwe zaidi.

Tatu, makanisa na misikiti isaidie. Kumbi nyingi hukaa tupu katikati ya wiki. Alasiri moja tu kwa wiki, wagonjwa wangeweza kukaribishwa humo wakanywa chai na kuimba, wakiangaliwa na watu waliofunzwa, huku wenzao wakienda sokoni au kulala. Serikali za kaunti nazo zianzishe vituo vya mchana vya aina hiyo. Nasi madaktari tusimruhusu anayemleta mgonjwa aondoke kabla ya kumuuliza hali yake na kumpima.

Wana wa yule mama walikubali kushika zamu Jumanne na Jumamosi. Amerudi katika chama chake na shinikizo lake limeshuka. Mumewe hajapona, wala hatapona. Lakini juzi mama aliniambia kwamba sasa anaporudi nyumbani hufurahi kumwona.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Iwapo una jirani au shemeji anayemuuguza mwenzake, usiishie kumpa pole kwa simu. Nenda kwake, ukae na mgonjwa kwa muda wa saa tatu, umwambie atoke.