Maji Hayafuti Chumvi Iliyozidi

Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka kwetu. Huko Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, maji ya bahari huachwa juani katika mabwawa hata yakakauka ikabaki chumvi. Basi si ajabu kwamba sisi watu wa Malindi na Kilifi hatuioni chumvi kuwa ni adui. Pilau ikipungua chumvi, mpishi huona haya.

Lakini yafaa tuambiane ukweli. Presha ya damu imeingia majumbani mwetu, na wengi huitambua siku ya kiharusi. Wapo wasemao, "Kula chumvi upendavyo, kisha kunywa maji mengi, itatoka." Rai hiyo ni ya makosa. Chumvi huyazuia maji mwilini. Damu ikajaa mishipani, na moyo ukasukuma kwa taabu. Figo ndizo zitoazo chumvi, nazo zina kiasi chake. Maji ni ya lazima katika joto letu, hasa baina ya futari na daku, lakini hayafuti kosa la sufuria.

Tena si kweli kwamba presha ni ya ukoo tu. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliwafuatia Waluo waliohama vijijini mwao, magharibi ya Kenya, wakaenda kukaa Nairobi. Haukupita muda mrefu presha zao zikawa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na chumvi waliyokula ilikuwa imezidi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Hapo imo pia ya mkate, ya achari na ya ng'onda.

Tufanyeje basi? Papa wa ng'onda alowekwe na maji yake yamwagwe. Ndimu, ukwaju na kitunguu thaumu vitie ladha. Mwenye kutumia dawa za presha asiziache kwa kujiona mzima, na mwenye maradhi ya moyo au figo amwulize daktari kiasi cha maji yamfaayo.

Kina mama ndio wapikao, lakini mara nyingi sisi waume ndio tudaio chumvi hata kabla ya kuonja. Israfu imekatazwa hata katika vya halali. Na tuanze sisi.