Kiatu cha Mwamba Kisiwe Adhabu

Ndugu zangu wapanda miamba, nanyi wazazi, walimu wa michezo na wauza viatu: nina ombi, nalo linahusu miguu. Tuache kuwaambia wanaoanza mchezo huu kwamba kiatu kizuri ni kile kinachouma. Kauli hiyo imezoeleka mno kwenye miamba yetu ya Kenya, Lukenya na Hell's Gate pia, na kila inaporudiwa kuna kijana anayekwenda kununua kiatu kidogo kwa saizi mbili. Anakivaa Jumamosi mbili tatu, kisha hatumwoni tena.

Mtazame kijana huyo akiwa juu ya jiwe. Kamba imefungwa vizuri, mwenzake aliyeishika chini yuko macho, na mikono yake ina nguvu za kutosha. Mguu ndio hautulii. Anagusa kijino cha jiwe kwa ncha ya kiatu, anauinua mguu, anagusa tena, maana kila akiuegemea vidole vilivyokunjwa humo ndani vinawaka moto. Basi uzito wote anaubebesha mikono. Kabla hajafika nusu ya njia, viganja vinaanza kufunguka vyenyewe na anaomba ateremshwe. Akifika chini, hata fundo la kamba halijafunguliwa, anavua viatu. Kidole gumba kimevimba ubavuni na ukucha umezama nyamani. Jioni atawaambia wenzake kwamba mchezo huu unataka watu wenye nguvu. Nguvu anazo. Kiatu ndicho kilichomnyima miguu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na hapa kidonda ni cha kweli kabisa.

Ndani ya kiatu cha kupandia miamba kuna mambo matatu yanayovutana: ugumu, hisia na raha ya mguu. Ugumu hutokana na bapa lililofichwa kati ya wayo na raba, pamoja na unene wa raba yenyewe, ambayo kwa viatu vingi huwa kama milimita 3.5 hadi 4. Bapa likiwa gumu, unaweza kusimama juu ya ukingo mwembamba wa jiwe bila msuli wa shavu la mguu kufanya kazi yote, na ukasimama hapo kwa muda ukitafuta pa kushika. Bapa likiwa laini na raba nyembamba, wayo unasoma jiwe: unajua chembe hii imara, ile inateleza, na kiatu chenyewe kinajilaza juu ya mwamba kikaushika. Lakini mguu huchoka upesi, na raba huisha upesi. Hakuna kiwanda kilichoweza kukupa vyote kwa kipimo kamili ndani ya kiatu kimoja. Anayekwambia ameunda kiatu cha kila kazi, mwulize kwanza kazi gani.

Swali la kujiuliza, basi, ni unapanda wapi. Ukipanda Hell's Gate, utakutana na jiwe la volkano lenye nyufa ndefu zilizonyooka, na katika ufa mguu huingizwa kwa ubavu kisha ukapindwa ili ujibane. Kiatu laini chenye vidole vilivyokunjwa kitakutoa machozi hapo. Unataka kiatu kigumu kiasi, bapa, vidole vikiwa vimelala, na raba iliyopanda juu ya vidole kukinga ngozi. Mahali penye mwinamo mpole, ambapo hakuna kijino cha kusimamia na unategemea msuguano peke yake, kiatu laini zaidi hukupa imani kwa sababu wayo mzima unagusa jiwe. Kwenye kilele cha Nelion cha Mlima Kenya, mita 5,188, ambako njia ni ndefu na asubuhi ina baridi ya kuuma masikio, raha ya mguu inapanda cheo. Huko utakaa na viatu hivyo saa nyingi, pengine na soksi ndani, na mguu uliobanwa hupoteza joto kwa sababu damu haizunguki vizuri.

Vile viatu vyenye ncha iliyopinda chini kama mdomo wa kasuku vina mahali pake: kuta zinazoinama nje, ambako mguu unatakiwa kuvuta jiwe kuelekea kwako. Tunaviona kwenye mashindano ya Olimpiki na tunavitamani, nami siwalaumu wanaovitamani. Ila mtu anayejifunza kwenye ukuta ulionyooka hana la kuvuta.

Na kwa wanaoamini kwamba mabingwa wote huteseka, nitawapa mfano. Januari 2015, Wamarekani Tommy Caldwell na Kevin Jorgeson walimaliza Dawn Wall, kule Yosemite, Marekani, njia ambayo vijino vyake vingine ni vyembamba kiasi cha kutia kichaa. Caldwell ndiye aliyeshauriana na kampuni ya La Sportiva ya Italia kuunda kiatu kiitwacho TC Pro. Kitazame: ni kigumu, kiko bapa, kimepanda hadi kufunika kifundo cha mguu. Mtu angeweza kudhani ni buti la shule. Bingwa alitazama jiwe lililokuwa mbele yake, akachagua kinacholifaa.

Wazee wa mchezo watasema zamani ilibidi kubana. Ni kweli kwa kiasi fulani. Raba ya viatu vya kale haikunata kama ya leo. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1982, kampuni ya Boreal ya Hispania ilipotoa kiatu cha Fire chenye raba ya kunata, na wapandaji wa Yosemite wakakigombania. Tangu hapo raba yenyewe imebeba sehemu kubwa ya kazi ambayo zamani tulikitwisha kidole gumba.

Sasa dukani. Nenda alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana. Usiende na namba kichwani, maana namba za makampuni hazilingani. Nenda na mguu wako. Wengi wetu tuliokulia pekupeku tuna nyayo pana sehemu ya mbele, na viatu vingi vinavyoletwa kutoka Ulaya vimekatwa vyembamba, kwa hiyo ulizia vile vipana bila aibu. Vidole viguse mbele na kujikunja kidogo tu, kisigino kisiwe na nafasi ya hewa, na pasiwe na mfuko mtupu chini ya upinde wa wayo. Kisha simama kwa kidole gumba juu ya ukingo wa ngazi au wa ubao. Ukiweza kukaa hapo ukazungumza na muuzaji bila kukunja uso, umekaribia. Ngozi isiyo na bitana hutanuka, wakati mwingine karibu saizi nzima. Kitambaa cha sintetiki hutanuka kidogo sana. Kiatu cha sintetiki kinachokubana leo kitakubana hadi kife.

Wenye maduka, tunawaomba mtuwekee hicho kipande cha ubao chenye ukingo, na msikasirike mteja akijaribu jozi tano. Bei ya kiatu kimoja kwa vijana wetu wengi inazidi kodi ya chumba ya mwezi. Hawana nafasi ya kukosea.

Wazazi, kwenu nasema kwa mkazo zaidi. Mifupa ya mguu wa mtoto bado inakua, na kiatu cha kubana kinaweza kuiharibu. Mtoto avae kiatu bapa kinachomtosha leo, na akikizidi apewe kingine, hata kikiwa kimetumika. Kocha akisema mtoto avumilie, tafuta kocha mwingine.

Na hicho kilichotumika kitatoka wapi? Kitatoka kwetu. Wengi tuna jozi chini ya kitanda tulizonunua kwa pupa, nyingine raba yake haijakwaruzwa. Kila kikundi cha wapandaji kiweke sanduku la viatu vya kuazima, vya saizi mbalimbali, ili anayeanza ajaribu kigumu na laini kwenye jiwe lenyewe kabla hajatoa hata shilingi. Vilivyochakaa tusivitupe. Raba ya mbele ikikonda, tuvipeleke kwa fundi kabla haijatoboka na kufika kwenye ule utepe unaozunguka vidole. Ikifika huko, matengenezo yanakuwa makubwa. Kazi yenyewe si ngeni kwa mafundi wetu: kupasha moto, kubandua raba ya kale, kusugua, kupaka gundi, kubandika na kukata ukingo uwe mkali. Kigeni ni raba. Ile ya tairi, inayotengenezea akala, hudumu miaka lakini haishiki jiwe, kwa hiyo raba ya kunata itabidi iagizwe. Kikundi kikiagiza kwa pamoja, gharama inagawanyika. Mpeni fundi mmoja wa mtaani jozi mbovu ya kujifunzia, mkae naye, mumlipe na siku ya kujifunza.

Jumamosi ijayo, ukienda mwambani, beba jozi usiyoivaa. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ianike kivulini maana jua kali hudhoofisha gundi, na uandike saizi chini ya ulimi wa kiatu kwa wino usiofutika. Saizi 38 hadi 41 ndizo zinazoombwa sana na vijana wetu.